Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na mashine ya ofisi, ila soma lebo kabla hujatoa pesa

Ingia kwenye duka la kompyuta Kariakoo useme unatafuta mashine ya gemu ya bei nafuu. Kuna uwezekano mkubwa ukaoneshwa boksi jeusi lenye kioo pembeni na feni zinazowaka taa za rangi, halafu ukaambiwa: "Hii ni Core i7 boss, inacheza kila kitu."

Taa ni nzuri, hakuna anayebisha. Ila taa hazichezi gemu, na neno i7 likiwa peke yake halikuambii chochote.

Kwa mtu anayenunua kwa pesa ya kibubu, au mwanachuo aliyejibana boom lilipoingia, hapa hakuna raundi ya pili. Vifaa vingi vya mtumba vinauzwa kwa waranti ya mdomo. Ukirudi baada ya wiki mbili na mashine inayozima yenyewe, maelezo yatakuwa mengi kuliko msaada. Kwa hiyo kazi yote inabidi ifanyike kabla pesa haijatoka mfukoni.

Habari njema ni kwamba hauhitaji kuwa fundi. Unahitaji kujua namba chache na mahali zilipoandikwa.

Taja gemu kwanza

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza "kompyuta gani nzuri?" Swali la maana zaidi ni "nataka kucheza nini?"

Chukua mfano wa FC 25, gemu la mpira ambalo vijana wengi wamelizoea kwenye vibanda vya PlayStation. Kwa upande wa kompyuta, watengenezaji wake waliweka kiwango cha chini kuwa prosesa ya Core i5-6600K, RAM GB 8, kadi ya grafiki GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Hivyo si vifaa vya ajabu. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016. GTA V, ambayo iliingia kwenye kompyuta mwaka 2015, ni nyepesi kuliko hapo. Valorant nayo ni nyepesi kwa grafiki, ingawa ina masharti mengine tutakayoyagusa.

Kwa maneno mengine, kama lengo lako ni mpira, GTA V, Valorant na gemu za miaka ya nyuma kwa picha safi ya 1080p, mashine ya kawaida inatosha. Kama unataka kila gemu jipya linalotoka mwaka huu kwa setingi za juu kabisa, makala hii haitakufikisha huko, na bajeti ndogo pia haitakufikisha.

Kwa nini mashine ya ofisi

Makampuni na taasisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka kadhaa, hata kama bado ni nzima. Hizo ndizo zinazoingia kwetu kwa makontena. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Kenya wanaziita "ex-UK", sisi tunasema mtumba, lakini ni mashine zile zile.

Sababu ya kuzipenda ni rahisi. Ukinunua moja unapata kasha, mazabodi, prosesa, RAM, pawa saplai na mara nyingi leseni halali ya Windows iliyofungwa kwenye BIOS yake, vyote kwa pamoja. Ukijaribu kununua kimoja kimoja vikiwa vipya, pesa inaisha hata kabla hujafika kwenye kadi ya grafiki. Na tangu mwishoni mwa 2025 kuna sababu nyingine: bei ya RAM mpya imepanda sana duniani kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba. Mashine ya mtumba inayokuja na GB 16 ndani yake imekuwa dili kuliko ilivyokuwa zamani.

Ila si kila OptiPlex inafaa. Zinakuja kwa maumbo tofauti na hapa wengi wanakosea kwa sababu jina la mbele ni lile lile. Kuna tower, ile ndefu yenye tumbo. Kuna SFF, nyembamba, ambayo watu huilaza chini ya skrini. Halafu kuna ile ndogo kama kitabu: Dell wanaiita Micro, HP wanaiita Mini, Lenovo wanaiita Tiny. Hiyo ndogo iache hapo hapo dukani. Inatumia chaja kama ya laptopu na kwa kawaida haina sehemu ya kuchomeka kadi ya grafiki ya desktopu. Hata ikiwa na prosesa nzuri kiasi gani, kwa gemu ni mwisho wa barabara.

SFF inakubali kadi, lakini lazima iwe fupi, zile zinazoitwa low profile. Kadi hizo ni chache sokoni, kwa hiyo muuzaji anajua unaihitaji na bei inakuwa hivyo hivyo. Kwenye baadhi ya SFF, kadi nene inagongana na pawa saplai. Ukipata tower, hata ikiwa imechubuka, chukua tower.

Kusoma jina la prosesa

Intel wanaandika namba baada ya kistari. Kwa i5-6500, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Kwa i5-8500 ni kizazi cha 8. Zikifika namba tano, kama i5-10400, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10.

Sasa rudi kwa yule aliyesema "hii ni Core i7". Muulize i7 ipi. Kuna i7-2600, ambayo ni ya mwaka 2011, na bado inauzwa ndani ya maboksi yenye taa. i5-8500 yenye kori 6 inaiacha mbali. Namba kubwa ya kizazi ina uzito kuliko maneno i5 au i7.

Kwa maoni yangu, leo kizazi cha 8 ndicho cha kukitafuta, hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi uongeze pesa. Sababu si kasi pekee. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna njia za kuilazimisha kwenye mashine za zamani na mafundi wanazijua. Lakini gemu kama Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, linadai TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa, la sivyo halifunguki. Kwa mashine ya kizazi cha 8 hivyo vipo kwenye BIOS, ni kuviwasha tu.

Ukikosa kabisa, i7-6700 bado inajikongoja vizuri. i5-6500 yenye kori 4 itacheza, ila gemu zenye mji mkubwa na magari mengi zitakuwa zinakwama kwama.

Angalia pia herufi ya mwisho. T maana yake ni toleo la umeme mdogo, hivyo kasi imepunguzwa. F maana yake prosesa haina grafiki zake za ndani, kwa hiyo bila kadi skrini itabaki nyeusi.

Wati 75 zinazoamua kila kitu

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Pawa saplai za mashine hizi za ofisi ni ndogo. OptiPlex 7050 tower inakuja na wati 240, na SFF yake ina wati 180. Pia hazina zile waya za pini 6 au 8 ambazo kadi kubwa zinazihitaji. Kubadilisha pawa saplai ingekuwa jibu, lakini Dell na HP wanatumia plagi zao wenyewe kwenye mazabodi, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii moja kwa moja. Kuna waya za kubadilishia, zinauzwa, lakini hapo umeshaanza safari nyingine ya matumizi.

Kwa hiyo kadi yako inatakiwa kula umeme kutoka kwenye sloti ya mazabodi pekee. Sloti hiyo inatoa mwisho wati 75. Ukishaijua namba hii, orodha ndefu ya kadi inapungua na kubaki fupi sana.

GTX 1050 Ti ni wati 75. GTX 1650 nayo ni wati 75, ina nguvu zaidi, lakini kuwa makini: baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6 juu. Hilo likiwepo, rudisha, tafuta lisilo nalo. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inakula wati 70 na ndiyo bora zaidi kati ya hizi ukiipata kwa bei inayoeleweka. Hakikisha ni ya GB 6, maana ya GB 8 ni kadi nyingine kabisa na umeme wake ni mwingine. Kuna pia RX 6400 ya wati 53 tu, ila imeunganishwa kwa njia nne badala ya 16, na kwenye mazabodi hizi za zamani inapoteza sehemu ya nguvu yake. Ni chaguo la mwisho.

Kati ya 1050 Ti na 1650, ongeza pesa uchukue 1650. NVIDIA walitoa draiva za mwisho za gemu kwa familia ya 1050 Ti mwezi Oktoba 2025, kilichobaki ni masasisho ya usalama. 1650 ni ya familia inayofuata na bado inahudumiwa. Gemu jipya likitoka na tatizo, mwenye 1650 atapata marekebisho, mwenye 1050 Ti atajijua.

Na ile RX 580 ya GB 8 ambayo utaambiwa ni bei ya kutupa? Inakula wati 185. Ukiipachika kwenye OptiPlex haitafika popote, kwa sababu hata waya wa kuichomekea haupo. Isitoshe, nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi. Si kwamba zote ni mbovu. Nyingine ni nzima kabisa ukibadilisha feni na pasta ya joto. Lakini kuna toleo linaloitwa 2048SP ambalo kiukweli ni sawa na RX 570, kwa sababu RX 580 halisi ina kori 2304. Muuzaji anaweza asijue tofauti hiyo. Au anajua.

Kadi feki zipo, na zinadanganya Windows

Hii si hadithi. Kuna kadi za zamani sana, mfano GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo zimeandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Unaichomeka, Windows inasoma "GTX 1050 Ti, 4GB", unafurahi, unalipa. Nyumbani gemu halifunguki au mashine inazima.

Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi yako kabla hujatoka nyumbani, inafunguka bila kusakinishwa. Matoleo yake ya sasa yakikuta kadi ya NVIDIA iliyochakachuliwa yanaandika neno FAKE mbele ya jina. Wewe mwenyewe angalia sehemu ya chipu: 1050 Ti halisi ni GP107 na ina kori 768. Ukiona GF116 au GF106, funga begi lako uage vizuri.

Kuna dalili ya macho pia. Familia ya GTX 10 haikuja na mfumo wa VGA. Kadi inayoitwa 1050 Ti halafu ina lile tundu la buluu la VGA nyuma, shtuka.

Muuzaji akikataa usijaribu kadi, nunua kwingine. Hakuna sababu ya maana ya kukataa. Akikubali, washa FurMark kwa dakika kumi na tano huku mnapiga stori. Programu hiyo inaichosha kadi kwa makusudi. Sikiliza feni, angalia joto lisipande bila kusimama, na tazama kama skrini inatoa madoa au mistari ya ajabu. Kadi mgonjwa mara nyingi huumbuka hapo.

Ukitaka kuunda mwenyewe

Kuna wanaotaka mashine mpya, ya kukua nayo taratibu. Kwao ushauri ni prosesa yenye grafiki nzuri za ndani, kama Ryzen 5 5600G. Ina kori 6, na grafiki zake zinamudu Valorant na GTA V kwa setingi za chini hadi za kati bila kadi yoyote. Mwakani ukipata pesa unaongeza kadi.

Kwa njia hii kuna jambo moja la lazima: RAM iwe vipande viwili, si kimoja. Grafiki za ndani hazina memori yake, zinakopa kutoka kwenye RAM. Vipande viwili vya GB 8 vinafungua njia mbili kwa pamoja, na kwenye gemu tofauti yake unaiona kwa macho. Kipande kimoja cha GB 16 kinakuibia nguvu ambayo tayari umeilipia.

Halafu pawa saplai. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa pembeni. Tafuta kwenye lebo mstari wa volti 12 usome ampea zake, kisha zidisha. Nimeona zilizoandikwa wati 500 huku mstari huo unasema ampea 18. Piga hesabu: 12 mara 18 ni wati 216. Hiyo ndiyo nguvu inayobaki kwa prosesa na kadi, zile 500 ni mapambo. Pawa saplai nzuri pia ina uzito mkononi. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, ndani hakuna kitu.

Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, hiki ndicho kifaa ambacho nisingebana hela. Kikiungua vibaya kinaweza kuondoka na vingine.

Yaliyobaki

SSD ni lazima. Ya SATA inatosha kwa gemu, hauna haja ya kukimbilia NVMe ya bei juu kama bajeti ni ngumu. Ikiwa ni ya mtumba, fungua CrystalDiskInfo usome asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Ukubwa uanzie GB 500 kwa sababu FC pekee ishakula 100. Na hiyo 100 fikiria ni bando kiasi gani. Kama rafiki ana gemu lile lile kwenye Steam na wewe umelinunua, unaweza kunakili folda lake kwa diski ya nje, kisha Steam yako ikahakiki na kushusha kilichopungua tu.

Skrini nayo ina mtego wake. Monita nyingi za ofisi za mtumba zina VGA, na kadi tulizozitaja hazina VGA. Utahitaji monita yenye HDMI au DisplayPort, au kibadilishio chenye saketi ndani, si kile cha plagi tupu. Halafu waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, chini kule, usichomekwe kwenye mazabodi juu. Kuna watu wamecheza miezi kwa grafiki za ndani huku kadi yao imekaa bure, kisa tundu.

Kuhusu LUKU: mashine inayovuta wati 200, ukicheza saa nne kila siku, ni takriban uniti 24 kwa mwezi. Kama uko kwenye tarifu ya D1, ambayo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo 24 si ndogo. Na kama mnachangia mita moja na wapangaji wenzako, ni bora uliseme mapema kuliko lije lisemwe na mwenye nyumba.

Siku ya kununua beba flashi yenye GPU-Z, FurMark na CrystalDiskInfo. Nenda asubuhi, ukiwa na muda. Omba mashine ifunguliwe uone lebo ya pawa saplai na RAM iliyomo ndani. Ukisharidhika, dai risiti ya EFD, na juu yake au kwenye karatasi ya pembeni aandike modeli kamili ya kadi, namba yake ya siri iliyobandikwa nyuma, na siku za waranti. Piga picha ya kadi na karatasi kwa pamoja hapo hapo kaunta, muuzaji akiwa anaona.